Mchimba Makaburi Aliyeusoma Mwaka Vibaya

Saa tatu asubuhi, Jumanne, Clive Mawer anaosha mikono kwa mara ya pili katika ofisi ya kumbukumbu mjini Lincoln, Uingereza. Udongo umejificha chini ya kucha. Anausugua taratibu, kwa sababu kitabu anachokwenda kukigusa kina karibu miaka mia tatu.

Hazel wa mapokezi ameshamwekea meza ya dirishani. Hakuombwa, anajua tu kwamba macho ya Clive yanataka mwanga. Kitabu kimelazwa juu ya mto wa sponji. Kalamu ya wino hairuhusiwi, basi Clive anatoa penseli.

Ana miaka 58, na kazi yake ni kuchimba makaburi na kukata nyasi katika kanisa la kijiji cha Skelderby. Kaburi moja kwa sepetu humchukua saa saba. Kila Jumanne anapopanda basi kuja huku halipwi, na amefanya hivyo kwa miaka kumi na mitatu.

"Nilianza kwa woga," anasema. "Makaburi mengi ya kwetu hayana jiwe. Nisiposoma vitabu, siku moja nitamchimbua mtu."

Kutokana na woga huo akaijua Skelderby ya zamani: nani alibatizwa, nani aliondoka na ndui, nani alizikwa bila jina. Miaka sita iliyopita majirani walimwomba aandike kijitabu. Zikatoka nakala 150, zikauzwa kwenye sherehe ya kanisa.

Ukurasa wa tisa ulimhusu mchungaji wa kondoo, Gervase Stennett. Rejista ya kanisa, kitabu cha ubatizo na mazishi, ilisema alizikwa tarehe 9 Februari 1728. Mwanawe alibatizwa tarehe 15 Desemba 1728. Clive alihesabu miezi kumi, akaandika kwa mzaha kwamba mjane yule alipata mtoto "kwa msaada wa majirani".

Kijiji kilicheka. Akina Stennett waliobaki walikuwa wawili tu: Winifred, aliyekuwa mpishi wa shule, na Alf, mdogo wake. Kwenye baa Alf akapewa jina, Mtoto wa Mzimu.

"Alf, vipi babu yenu? Bado anapiga hodi?" walimuuliza.

Wiki za mwanzo Alf alicheka nao. Baadaye akaacha kwenda. Alifariki majira ya baridi mawili yaliyopita, na aliyemchimbia kaburi ni Clive.

Siku ile ardhi ilikuwa imeganda. Winifred hakuwa amemsemesha Clive kwa miaka minne, lakini alimpa kasisi chupa ya chai ampelekee.

"Ilikuwa na sukari vijiko viwili, kama ninavyokunywa," Clive anasema.

Kosa lake aliligundua mwezi uliopita. Alipoandika kijitabu alitumia nakala iliyopigwa chapa, yenye ubatizo upande wake na mazishi upande wake. Safari hii, akitafuta jambo lingine, alifungua kitabu chenyewe. Humo ubatizo na mazishi vinafuatana kadiri vilivyotokea. Desemba 1728 iko juu. Februari 1728 iko chini yake. Ndipo inakuja 25 Machi, na mwaka 1729 unaanza.

Zamani zile, mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Februari ilikuwa mwishoni mwa mwaka, baada ya Desemba. Gervase alikuwa hai mwanawe alipobatizwa.

"Anayesoma rejista za zamani hufundishwa hilo siku ya kwanza," Clive anasema. "Nililijua. Siku ile nilitaka kuchekesha watu, likanitoka."

Leo amekuja kuhakikisha. Hazel anainama naye juu ya ukurasa.

"Umeshausoma mara tano, Clive."

"Acha nisome ya sita."

"Wewe huogopi kitabu. Unamwogopa yule mama."

Clive hakatai.

Saa tisa mchana yuko mlangoni kwa Winifred, kofia mkononi. Bibi huyo wa miaka 87 anafungua kwa kujivuta na fimbo.

"Umekuja kunipima kaburi?"

"Bado, Bi. Stennett."

"Basi ingia. Futa viatu."

Clive anaeleza akiwa amesimama. Anaeleza vibaya, anarudia, anamwonyesha tarehe alizonakili kwa penseli. Winifred anasikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo alimwona mtoto wake?"

"Alimwona. Wiki nane tangu ubatizo."

"Wiki nane." Bibi anatazama kiti kitupu kando ya jiko. "Alf hakulijua hili."

"Hakulijua. Nisamehe."

Winifred ananyoosha mkono apewe karatasi ya masahihisho ambayo Clive anataka kuibandika katika kila kijitabu. Anaisoma kwa miwani yake, mstari kwa mstari.

"Umeandika 'imekosewa'," anasema. "Kama vile mvua imenyesha. Nani alikosea?"

"Mimi."

"Basi andika, kijana."

Clive anakata neno, anaandika juu yake: nilikosea. Ndipo anaambiwa akae, na birika linawekwa jikoni.

Kuanzia kesho atapita nyumba kwa nyumba na gundi, akitafuta zile nakala 150. Anajua nyingine zimehama na wenyewe. Hao atawaandikia barua. Lakini Winifred ametaka jambo moja zaidi: Jumamosi jioni Clive aisome karatasi kwenye ile baa, mbele ya waliocheka.

"Natumaini nitafika mwisho," Clive anasema akiwa njiani kurudi kanisani. "Si mtu wa kusimama mbele za watu. Lakini amesema atakuja, akae karibu yangu. Sauti ikinikatika, atanishika mkono na kunimalizia yeye."