Mkeka wa Vipuri

Kompyuta ya kwanza dukani kwetu iliingia enzi za ruksa, ikitokea Mombasa kwa njia ya Horohoro. Tajiri, muuza vipuri vya magari, alinitaka mimi karani wake niingize humo orodha ya vitu vyote. Nikaandika wiki nzima: jina la kipuri, gari lake, rafu kilipo. Kwenye kioo ilipendeza. Ukibonyeza inashuka, ukibonyeza tena inakwenda kulia.

"Haya, chapa," tajiri akasema.

Lahaula! Karatasi huibonyezi ikasogea. Majina yalitoka kwenye karatasi zake, magari kwenye nyingine, rafu kwenye nyingine kabisa, na hakuna hata moja yenye namba ya ukurasa. Feni ikazipeperusha zote. Nilitamani kuipiga teke ile mashine, ila ilikuwa inanizidi bei.

Mama aliyetupikia chai, msukaji wa mikeka kutoka Mwera, alinionea huruma. "Mwanangu, huu si kama ukili tu? Unasuka vipande vyembamba, kisha unaviunga kwa kushona." Akatoa sindano na uzi. Mimi nikapanga, yeye akashona, mpaka orodha ikajaa sakafu kutoka kaunta hadi mlangoni.

Tajiri alikuwa amepiga magoti katikati yake akitafuta plagi, mteja wa kwanza alipobisha hodi. Alitazama chini, akavua viatu, akakaa pembeni.

"Poleni," akanong'ona. "Nani katutoka?"

"Karani," nikamjibu.