Tarumbeta ya Pili

Tulipoanza kupiga muziki wa wazee, nilikuwa na miaka mitatu tangu niolewe Lufingo, na sikuwa nimewahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, halitamki jina lake. Akimsikia anakuja njiani, huiacha njia na kuingia migombani mpaka hatua zake zipotee. Ibighi nilikokulia, desturi hiyo ilikuwa imeshalegea, lakini Lufingo wazee walikuwa wameishika. Mume wangu alinieleza kabla ya ndoa kwa aibu kidogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nilikuwa nafundisha historia sekondari, nikadhani kutomwona mtu ni jambo jepesi kuliko mengine mengi ambayo wanawake wenzangu walitakiwa kuyabeba.

Sikujua kwamba mtu usiyemwona hukua. Nilikijua kikohozi chake na namna fimbo yake ilivyogusa jiwe la mlangoni mara mbili kabla ya kuingia. Nilikuta harufu ya tumbaku yake mahali alipotoka kukaa, na kiti bado kina joto. Mara nyingine nikiosha vyombo nilihisi kwamba ninatazamwa, nikajisuta, kwa kuwa naye pia alikatazwa kunitazama.

Wazo la bendi lilikuwa la fundi cherehani mmoja wa Ibighi, Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na marobota mawili ya vitambaa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba ikamwagwa sokoni, na cherehani yake ikapata likizo ambayo haikuiomba.

“Mwalimu,” aliniambia, “watu hawataki tena kushonewa. Wanavaa kafa Ulaya. Nishindane vipi na marehemu?”

Baba yake alikuwa amemwachia gramafoni na sanduku la santuri zilizotoka kati ya vita vile viwili vikuu: foksitroti, waltz, na jazi ya tarumbeta ambayo vijana wa Tukuyu wa wakati huo waliicheza wakiwa wamevaa tai. Fundi alitaka tuupige muziki huo upya. Vijana walikuwa na mabanda ya video na vinanda vya umeme. Yeye alitaka kuwapa wazee kitu ambacho hakikuweza kununuliwa Mbeya. Alikuwa mpiga ngoma. Alimpata mpiga gitaa, mpiga kodiani, na mimi, niliyejifunza tarumbeta katika kikundi cha matarumbeta cha kanisa, msichana peke yangu kati ya wavulana tisa.

Makoti ya bendi aliyanunua mtumbani, akayapunguza yeye mwenyewe. Langu lilikuwa la kijivu, na kitambaa cha kiwiko cha kulia kilikuwa kimelika kwa ndani, kama la mtu aliyenyanyua kitu kilekile kwa miaka mingi. Nilipoinua tarumbeta, kiwiko changu kiliingia palepale. Sikumwambia fundi.

Santuri tulizifuata bila taabu kubwa. Lakini kila mzee aliyepita kwenye mazoezi aliulizia wimbo mmoja ambao haukuwa kwenye santuri yoyote, wimbo uliotungwa hapahapa na klabu ya dansi ya Tukuyu kabla ya vita vya pili.

“Anaujua mtu mmoja tu aliyebaki,” fundi alisema, akaanza kucheka kabla hajamaliza. “Naye ni mkweo. Nenda kamwombe.”

“Siwezi hata kumsalimia.”

“Basi mwombe kwa mgongo.”

Aliyeniombea ni mama mkwe. Alirudi na jibu upesi kuliko nilivyotarajia. “Anasema kifua chake kimeanza kumpungia mkono wa kwaheri. Anataka ausikie wimbo huo ukiwa mzima, mara moja tu. Basi. Wewe ukae nje nyuma ya chumba chake, yeye atakaa ndani. Na hilo talumbeta lako usilielekeze dirishani, gwe, utamuua.”

Dirisha la chumba hicho lilizibwa kwa gunia. Mimi niliketi juu ya gogo kati ya ukuta na migomba, saa tisa alasiri nikitoka shule, wakati ukungu huteremka kutoka mlimani na majani ya migomba huanza kudondosha maji ingawa mvua hainyeshi. Tarumbeta yake ilikuwa imekwisha kuharibika siku nyingi. Alichobaki nacho ni kile kipande kidogo kinachowekwa mdomoni, na alikuwa anakipuliza hicho peke yake. Sauti iliyopita ukutani ilikuwa nyembamba na kavu, kama nyigu ndani ya chupa. Sentensi moja ya muziki, kisha kimya. Sentensi nyingine, kisha kimya cha urefu uleule. Aliporudia, niliifuata kila sentensi pamoja naye kwa tarumbeta yangu, polepole, nikiwa nimeiziba mdomo kwa kitambaa, na vile vimya vikabaki palepale.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lisingeweza kutokea kama ningekuwa na ruhusa ya kumwona au kumuuliza neno moja. Nilidhani vile vimya ni pumzi. Nilikijua kifua chake. Nilikuwa nimekisikia kikikoroma kupitia kuta kwa miaka mitatu. Nikaamini kwamba wimbo unaendelea na yeye hafiki, kwamba anapumzika mahali ambapo zamani alikuwa anapiga. Nikamhurumia. Wiki ya pili, alipofika kwenye kimya cha kwanza, nilikijaza. Sikutunga kwa kufikiri. Vidole vilishuka vyenyewe, sauti sita au saba zikijibu zile alizozipiga. Akapiga sentensi ya pili. Nikajaza tena. Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa wimbo, bila yeye kukosea wala mimi kusita.

Kisha ndani nikasikia kile kipande cha mdomo kikiwekwa mezani.

Mama mkwe alitoka kwa mlango wa jikoni, bakuli la maharage mkononi, unga wa majivu kwenye magoti. Alisimama mbali kidogo nami.

“Nani amekufundisha?”

“Nini, mama?”

“Hayo unayoyajibu.”

“Hakuna. Nilidhani baba anaishiwa pumzi.”

“Haishiwi pumzi,” alisema. “Hapo palikuwa na tarumbeta ya pili. Walikuwa wawili. Yeye anaita, kaka yangu anajibu. Hivyohivyo. Hivyo ulivyojibu.”

Kaka yake huyo nilikuwa nimemsikia akitajwa mara moja tu, kwamba alichukuliwa vita vya pili, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani, hakurudi. Nilimwambia mama mkwe nilichojiambia mimi: kwamba muziki wa aina hii una njia zake, kwamba mwito fulani huvuta jibu fulani, na mtu mwenye masikio angejikuta kwenye sauti zilezile. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni akieleza njia ya kwenda kisimani kwake. Hata leo sina maelezo mengine, na hayo niliyonayo hayanitoshi.

Tangu siku hiyo mzee hakunifundisha tena. Aliniita. Nikifika kwenye gogo, kabla sijaitoa tarumbeta kwenye mfuko, nyigu wa ndani ya chupa alikuwa ameshaanza, na alikuwa anasubiri. Nilijibu kwa sababu niliogopa kutojibu. Na siku moja, baada ya sentensi ya mwisho, alisema.

Msomaji ashike jambo hili: baba mkwe hawezi kumsemesha mke wa mwanawe. Mzee yule alikuwa ameitunza desturi hiyo maisha yake yote. Kwa hiyo, ikiwa alizungumza na aliyekuwa nyuma ya ukuta, hakuwa anazungumza nami.

Alizungumza Kinyakyusa cha zamani, polepole. Alisema: “Siku ile askari wa boma walitaka mmoja wetu wampeleke vitani. Nilikusikia ukiniita kutoka barabarani. Nilikuwa darini, kwenye mahindi. Ulikuwa umekuja kunionya, nami niliogopa kwamba ukijua nilipo, wakikukamata utanitaja ili ujiokoe. Nikanyamaza. Wakakukuta wewe unaita.” Akapumua. “Bado una hasira nami?”

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani. Ndani, upande wa jikoni, chombo kilichokuwa kinaoshwa kilinyamaza. Alisubiri kimya cha urefu uleule wa wimbo, sentensi moja kamili. Niliinuka nikaondoka nikiwa nimekumbatia tarumbeta ili isigonge chochote.

Nilimwambia mume wangu usiku huo kwamba sitarudi kwenye lile gogo. Hakuniuliza sababu. Alisema tu kwamba baba yake ameanza kukataa chakula, na kwamba anaulizia kila siku dansi ambalo bendi ilikuwa inaliandaa ni lini.

Dansi lilikuwa Jumapili mchana, katika ukumbi wa zamani wa Ibighi ambao ulikuwa umegeuzwa ghala la mbolea na ukafanywa ukumbi tena kwa kufagiliwa. Tulipanga mambo vizuri kadiri ya akili zetu. Mume wangu alimleta baba yake kwa pikapu ya kuazima, akamweka nje kwenye benchi, chini ya dirisha lililokuwa nyuma ya jukwaa, na dirisha likafunikwa shuka. Hivyo angesikia bila kuniona, nami ningepiga nikiwa nimempa mgongo. Wazee wenzake walikuja kutoka Suma na kwingineko, wanaume na tai za mitumba, wanawake na viatu walivyovibeba mkononi mpaka mlangoni. Mama mkwe alikaa benchi la mbele.

“Mwalimu, usitetemeke,” fundi alininong’oneza akikaza ngoma. “Hawa hata wakianguka, wataanguka kwa mpango.”

Wakacheza foksitroti kwa ustadi uliowafanya vijana waliokuja kucheka wanyamaze. Ukungu uliingia kwa milango miwili na kusimama kwenye pembe za ukumbi. Kisha fundi akautangaza wimbo wa klabu.

Nilipiga mwito. Nilikuwa nimeamua kwamba vimya nitaviacha vitupu. Hiyo ilikuwa amri yangu kwa nafsi yangu tangu asubuhi. Kilipofika kimya cha kwanza, sikupiga. Na wazee wote waliokuwa wanacheza, jozi kumi au kumi na mbili, walisimama kwa pamoja, mguu mmoja ukiwa mbele, wakatazama. Hawakunitazama mimi. Walitazama mahali palipokuwa patupu upande wangu wa kushoto, kwenye urefu wa uso wa mtu. Nyuma ya shuka nilisikia pumzi ya mzee ikivutwa na kushikwa.

Kimya cha pili nikakijaza. Nilikijaza kwa kuwa sikuweza kukivumilia, wala sitadai kuwa nilikuwa na sababu bora zaidi. Wakacheza. Wimbo ukaenda mzima, mwito na jibu, mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi wakiwa bado wameshikana.

Makofi yalipopungua, sauti yake ilitoka nyuma ya shuka, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia: “Bado una hasira nami?”

Wazee waliokuwa karibu na jukwaa waliinamisha vichwa. Walijua nani amesimama wapi, na nini hakiruhusiwi. Fundi, ambaye Kinyakyusa chake ni cha sokoni, alibaki na fimbo za ngoma hewani. Nilihesabu, kama mpigaji anavyohesabu. Nilijua kwamba mzee huyu hali chakula, kwamba kifua kinampungia mkono wa kwaheri, na kwamba hakuna mwingine duniani ambaye angeulizwa swali lile. Sikugeuka. Nikasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo ilitoka chini kuliko yangu: “Hapana. Yamekwisha.”

Alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu wa miaka ishirini. Kisha nikasikia fimbo yake ikiondoka kwenye kokoto.

Pikapu ilitangulia naye, kwa kuwa nisingeweza kupanda gari moja naye. Mimi na mama mkwe tulibaki kukunja mashuka na kusubiri irudi. Jua lilikuwa bado lipo, jeupe nyuma ya ukungu. Alilichukua lile shuka la dirishani, tukalishika kila mmoja pembe zake, tukalivuta likanyooka kati yetu.

“Ulimwambia nini baba yako?” aliuliza.

“Sikumwambia kitu, mama. Ni mwiko.”

“Najua ni mwiko. Nauliza aliambiwa nini.”

“Aliambiwa yamekwisha.”

Tulikunja mara moja, tukasogeleana. Mikono yake ilichukua pembe kutoka kwenye yangu.

“Atakula leo,” alisema.

“Nadhani atakula.”

“Atakula. Nitampikia, atakula.” Alilipapasa shuka kwa kiganja, akaondoa jani lililokuwa limenata. “Miaka yote hii nimempikia. Siku ile alipousemea ukuta nilikuwa naosha sufuria, nikayasikia yote. Nikasema moyoni, sasa atakuja jikoni. Atanikuta hapa, aniulize na mimi, maana aliyekufa alikuwa kaka yangu.”

Nilitaka kusema kitu. Aliinua mkono kidogo, bila hasira, kama unavyomzuia mtu asikanyage mahali palipofagiliwa.

“Mimi hajaniuliza,” alisema, akaenda kusimama barabarani kusubiri gari.