Kikohozi cha Baba Mkwe

Nimetetea walevi wengi hapa Kyela, na sioni haya kusema hivyo. Wengi walikuwa wamelewa kweli. Enzi zile askari alikuja kizimbani na pua yake na macho yake: mshtakiwa alinuka pombe, macho yalikuwa mekundu, alipepesuka. Hapo ndipo nilipomngojea. Kule Njisi mpakani, wakati wa vumbi, nani hana macho mekundu? Kwenye matope ya masika nani hapepesuki? Nilishinda kesi kwa maswali ya namna hiyo, tena nikiyauliza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana hasira zangu ziko karibu.

Kisha mambo yakabadilika. Kikaja kipima ulevi, kidude cha mkononi, unapuliza kinakupa namba, na namba huwezi kuibishia. Zaidi ya hapo, siku hizi kukataa kupuliza bila sababu ya msingi ni kosa peke yake, hata kama hujaonja kitu tangu ubatizo. Hiyo "sababu ya msingi" ndiyo iliyoniletea mwanamke mmoja ofisini.

Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika kituo cha afya, mwanamke wa kwanza pale kukabidhiwa usukani, mwanakwaya asiyejua pombe ina ladha gani. Alishtakiwa kwa kuendesha akiwa amelewa na kwa kukataa kupuliza. Akitiwa hatiani, leseni inakwenda na kazi inakwenda. Tayari gari alikuwa amepewa mwingine, naye alishinda nyumbani akisikia king'ora kikipita.

"Kwa nini ulikataa?" nilimwuliza.

"Alikuwepo mtu, dada."

"Mtu gani?"

Akatazama sakafu. Nikauliza tena, nikapiga meza, nikamwambia mficha uchi hazai. Ndipo mume wake, aliyekaa karibu na mlango, akasema, "Ni baba yangu. Huyu hawezi kumtaja."

Nikaelewa palepale, na nikachukia. Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hataji jina lake, hafungui mdomo mbele yake. Akimwona njiani anampisha, anainama na kujifunika. Tunaita ukutila. Makanisa yaliikemea na wengi tumeiacha. Mimi na baba mkwe wangu tunakula meza moja na tunagombea firigisi. Lakini ukoo huu wa kijiji cha Makwale umeishikilia.

Basi asubuhi ile alikuwa anarudi kituoni na gari tupu. Kwenye kona trafiki walikuwa wamesimamisha pikipiki, na abiria aliyeshushwa kando ya barabara alikuwa baba mkwe wake. Dada wa watu akakata usukani, gari likaingia kwenye jaruba la mpunga. Akatoka, akajifunika kitenge, akachuchumaa nyuma ya mlango. Askari, mgeni aliyehamia kutoka mkoa mwingine, aliona gari limeyumba na dereva hasimami, hajibu salamu, akipewa kifaa anatikisa kichwa. Mzee, kwa aibu, alipanda pikipiki akaenda zake. Huku nyuma mkamwana wake alipelekwa polisi, na huko akaomba apulize. Akaambiwa ameshakataa.

Nilipomhoji askari mahakamani, alijibu kiungwana kwamba hakusikia harufu yoyote ya pombe. Zamani jibu hilo lingenirudisha nyumbani nikiimba. Safari hii lilinifaa kwa shtaka la kwanza tu; la pili lilibaki pale pale. Nilimhitaji mzee.

Mumewe alinipeleka Makwale. Tulimngoja uani, na kabla hatujamwona tulisikia kikohozi kikubwa kutoka kwenye migomba. Hakuwa mgonjwa. Ndivyo anavyofanya kila anapokaribia mahali, ili mkamwana akiwepo apate kumpisha. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza kakao kwenye chanja.

"Niingie chumba kimoja na mkamwana wangu, mbele za watu?" akasema. "Wewe umezaliwa wapi?"

Nilimjibu, kwa ukali ambao mzee hapaswi kuonyeshwa, kwamba heshima anayopewa na mkamwana wake ndiyo inayomfukuzisha kazi. Akanikatia ndizi migombani. Nikaondoka na mkungu wa ndizi, bila shahidi.

Siku ya utetezi mteja wangu alijieleza vizuri, mpaka mwendesha mashtaka alipouliza swali moja. "Ukikutana naye tena, na mgonjwa yumo garini, utaingia tena majarubani?"

Alitazama kitenge chake. Mimi pia nilitazama makaratasi yangu, kwa sababu swali hilo lilikuwa langu tangu siku ya kwanza.

Ndipo nje ya mlango mtu akakohoa.

Mteja wangu alichuchumaa palepale kizimbani. Kitenge kichwani, uso magotini.

"Mshtakiwa, simama," alisema hakimu. "Mshtakiwa, unaumwa?" Kichwa kikatikisika chini ya kitenge.

Kwenye benchi la nyuma yule askari alijisahau akasema, "Ndivyo alivyofanya! Hivi hivi!"

Nikainuka. "Mheshimiwa," nikasema, na kwa mara moja maishani sikupaza sauti, "naomba mahakama iandike inachokiona. Na shahidi wangu amefika."

Mzee aliingia akiwa amempa mkamwana wake mgongo. Alizungumza Kinyakyusa, karani akatafsiri: ni kweli, alikuwepo barabarani, na aliondoka kwa aibu. Mwendesha mashtaka akarudia swali lake lile lile: na siku akiwa na mgonjwa?

Mzee akageuka, akamtazama yule mwanamke aliyejikunyata.

"Mwanangu," karani alitafsiri, "nimekufungua mbele ya watu hawa. Inua uso. Barabarani usinikimbie tena."

Kitenge kilishuka polepole. Alisimama, akamtazama mzee machoni. "Mugonile, tata," akamwamkia. Karani hakutafsiri, alikuwa anafuta machozi, na mimi pia.

Siku ya hukumu, mzee na mwanawe wakiwepo, hakimu alisema sababu ya msingi ameiona kwa macho yake mwenyewe, akamwachia huru kwa mashtaka yote mawili. Vigelegele nilivimeza mpaka nje, na nje nikavipiga mpaka wauza ndizi wakaniitikia.

Mteja wangu hakupiga. Alimwendea yule askari. "Afande, kile kifaa unacho?"

Askari akakitoa kwenye gari. Mwanamke akafuta midomo kwa pindo la kitenge, akafungua mdomo mbele ya baba mkwe wake, akapuliza mpaka mashavu yakaisha pumzi.

"Sifuri," alisema askari.

Mzee akaomba aione namba. Alishika kifaa mbali na uso, kwa sababu ya macho yake, akakitazama sana, akakirudisha. "Ndaga fijo," akashukuru. Kisha akafungua mlango wa mbele wa pikapu ya mwanawe, akaketi kando ya usukani.

"Haya, dereva," alimwambia mkamwana wake. "Nirudishe nyumbani."