Kipimo cha Ghala la Mollo

Kabla ya kufunga bodi yoyote ya kompyuta nilikuwa nazisugua namba za chipu kwa msasa. Kila chipu ina namba mgongoni, na mwenye kuijua anaweza kununua nyingine kama hiyo na kuiga kazi yako yote. Mimi nilisugua mpaka namba ikafutika, kisha nikamwaga gundi juu yake. Mshindani wangu, aliyekuwa na kibanda upande wa pili wa soko hapa Sumbawanga, alifanya vivyo hivyo. Mjini tulikuwa wawili tu tuliotengeneza vipimo vya ghala, na tulikuwa hatusalimiani.

Kipimo chenyewe ni kisanduku cha plastiki chenye kompyuta ndogo ndani, na mkuki wa chuma unaochomekwa kwenye gunia. Mkuki unapima unyevu wa nafaka. Nafaka ikiwa kavu inawaka taa ya kijani. Ikiwa na unyevu inawaka nyekundu, na mwenye ghala anapata ujumbe kwenye simu. Mahindi mabichi yakifungiwa ghalani yanaota ukungu, na sumu ya ukungu ule haiondoki hata ukiyasaga, hata ukiyapika. Watu wa Ufipa wanaijua sumukuvu na hawaitanii.

Changu kilipima vizuri, ila kilimaliza betri upesi. Chake kilikaa na betri miezi, ila kilikosea vipimo. Wateja walituambia hivyo waziwazi, na kila mmoja wetu alijifanya hasikii. Halafu vikaanza kuingia vipimo vya bei ya chini kutoka nje, na asubuhi moja yule bwana akaja kusimama mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri. Unatafuta nini?"

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Tukiendelea kununiana, hivi vya kutoka nje vitatumaliza wote wawili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama. Tuunganishe kazi."

Ilinipasa nifurahi. Badala yake nilikasirika, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza, na alianza kwa adabu. Mtu mpole hunitia shaka kuliko mgomvi. Hata hivyo nilikubali. Tungebadilishana madaftari, kila mmoja ajifunze ya mwenzake, na hakuna ambaye angeuza kitu kipya mpaka tuwe tumekaa pamoja na kumaliza.

Kwenye daftari langu kulikuwa na jedwali la kugeuza namba za mkuki kuwa unyevu. Kila nafaka ina jedwali lake. Mkuki ukichomekwa kwenye mahindi mabichi huku ukisomwa kwa jedwali la ulezi, utakwambia mahindi ni makavu. Hilo nililijua vizuri, maana lilinichukua misimu miwili kulijua. Mchana ule nilikaa nikamnakilia daftari jipya, kwa mwandiko mzuri. Juu nikaandika MAHINDI. Chini yake nikaweka namba za ulezi.

Nilikuwa namtega. Akiuza kwa siri, vipimo vyake vitadanganya, wateja watampigia kelele, nami nitajua ni mtu wa namna gani. Niliona nina akili sana.

Daftari lake nalo nililichambua kama mchele wenye mawe, nikitafuta uongo. Sikuupata. Nilitengeneza kipimo kimoja kwa kufuata maelezo yake, na betri haikushuka. Hapo nilipaswa kuvuka soko, hatua zisizofika mia mbili, nikamwambie. Nikasema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu nikasema wiki ijayo. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali. Siku aliponipungia mkono kwa mbali niligeuza uso.

Mwaka huo mvua haikutaka kuondoka. Watu walivuna huku mawingu yamekaa juu ya vilima, wakaanika mahindi na kuyaanua, wakaanika na kuyaanua, mpaka wakachoka. Nilisikiliza sokoni kama kuna anayelalamika juu ya kipimo cha jirani yangu. Hakuna aliyelalamika. Ukimya ule haukunipa raha, lakini sikuuliza.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda Mollo kumsalimia mama. Nilipokaribia ghala nilisikia harufu ya uvundo, harufu ya nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone."

Ukutani palikuwa na kisanduku. Taa yake ilikuwa ya kijani.

"Mwenzako alikileta mwenyewe kwa pikipiki," mama alisema. "Mtu ana adabu yule! Kasema hauzi, ni zawadi, mwanzo wa kazi yenu. Kasema nisikwambie, utakuja ukione."

Mama yangu maisha yake yote alipima mahindi kwa meno. Aliuma punje, ikilia ka! ndipo gunia linaingia ghalani. Nikamuuliza kama mwaka huu aliuma.

"Niume nini tena, na meno haya? Taa ilisema yamekauka, nikayaingiza. Si ninyi ndio mliosoma?"

Nilifungua gunia, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto. Punje nilizozitoa zilikuwa na vumbi la kijani, zimeshikana. Mama aliziangalia, kisha akaitazama taa, na bado aliiamini taa.

Nilikishusha kile kisanduku na kukifungua kwa kisu cha jikoni. Hakikuwa na gundi. Chipu zote zilikuwa na namba zake, safi, zinasomeka. Hakusugua hata moja. Aliniachia nizisome.

"Mmeshakula haya?" niliuliza.

"Sisi bado tuna ya mwaka jana. Lakini dada yako kule Wampembe alikuwa hana unga. Tumempelekea magunia mawili."

Dada yangu ana watoto wanne. Nilimpigia nikiwa nimesimama mlangoni pa ghala. Alipokea akicheka, nyuma yake sahani zinagongana.

"Mahindi yenu ya mwaka huu yana uchungu kidogo," alisema. "Lakini watoto wameyazoea. Ndio wanakula sasa hivi."

Nikamwambia awanyang'anye chakula. Akauliza kwa nini, mara mbili, na mama alikuwa amesimama kando yangu akisubiri kusikia jibu hilohilo.