Mrenda Uliofungwa Kitambaa Chekundu

Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo naandika tu vile mambo yalivyotokea. Majina sitoi, lakini waliofanya nitawasema kwa vyeo vyao: mwenyekiti wa kikundi chetu, bibi yake, na afisa wa kilimo. Wakisoma watajijua.

Tulipofukuzwa kule juu kwenye baridi na nyumba zikachomwa, nilitoka na watoto wawili na fundo la mbegu za mboga ya mrenda kwenye leso. Mume wangu hakutoka. Hizo mbegu mama yangu alikuja nazo kutoka magharibi, siku alipoletwa kuchuma pareto, na kila mwaka alizipanda na kuziweka upya. Ya mama sina picha, sina kaburi la kutembelea. Nina mbegu.

Huku tulikopewa vipande ni chini bondeni, unateremka kutoka mji wa Bahati mpaka hewa inakuwa nzito. Kuna kinamasi karibu, na mvua ikinyesha joto linapanda kutoka ardhini kama mvuke wa sufuria. Wengi wetu tulitoka kwenye baridi, na mtu wa baridi anajua shamba ni kabeji. Asiyekuwa na kabeji ni mtu ameshindwa na maisha. Basi afisa wa kilimo alipokuja na viatu vyake safi akasema tujenge nyumba ya plastiki tupande kabeji ndani, watu walipiga makofi. Mimi niliuliza, "Na joto la humo ndani?"

Mwenyekiti alinijibu yeye. "Mathe, wewe pika kamasi yako. Mambo ya kilimo tuachie."

Kamasi ndiyo mrenda, kwa sababu unateleza. Walicheka wote, na bibi yake ndiye alikuwa wa mwisho kunyamaza.

Nilipanda mistari miwili pembeni ya shamba la kikundi, mahali hakuna aliyepataka. Mbegu zote. Hilo ni kosa langu na nalikubali: mtu hamalizi fundo. Lakini watoto walikuwa na njaa.

Kabeji za ndani zilimea majani tu, bila kichwa. Halafu zikaanza kuoza kwa ule unyevu, harufu unaisikia ukiwa barabarani. Mrenda wangu nao ulikuwa unapenda hilo joto. Unachuma leo, kesho kutwa umerudisha majani. Wale wanawake waliocheka walianza kupitia kwangu jioni na sufuria chini ya kanga. Bibi ya mwenyekiti alikuja mara nyingi kuliko wote. Alikuwa ananiita dada. Nilimfundisha kuchanganya na kunde na kutia magadi kidogo, na siku moja alilamba mwiko mbele yangu.

Hata kitambaa nilimweleza. Kwetu mmea unaoachiwa mbegu unafungwa kitambaa, na ukishafungwa hakuna anayeugusa, hata mwenye njaa. Nilirarua pindo la gauni langu jekundu nikafunga mimea minane, ile iliyonenepa. Nikangoja vifuko vyake vya mbegu vikauke.

Vilikuwa karibu kukauka niliposhikwa na presha, nikapelekwa hospitali mjini Nakuru. Nililala siku nne. Kumbe siku hizo ndizo wageni wa afisa walikuwa wanakuja kupiga picha. Mwenyekiti alituma gari Bahati, wakanunua miche ya sukuma wiki iliyokua kwenye baridi, wakaichomeka ardhini jana yake na kuimwagia maji ili isimame. Ilisimama mpaka wageni walipoondoka. Na akaagiza pembeni pafyekwe, magugu yasituaibishe.

Niliporudi pembeni palikuwa pamefagiliwa. Kitambaa changu kimoja kilikuwa kimekanyagwa kwenye tope. Nilimwuliza mwenyekiti nani aling'oa.

"Si ni majani tu? Muulize mama watoto, ndiye alikuwa na jembe."

Nilimwuliza. "Woi, dada," akasema, "mimi nilifanya nilivyoambiwa. Nikapatia mbuzi."

Alijua kitambaa ni cha nini. Mwenyekiti hakujua, afisa hakujua, lakini yeye alijua. Ndiyo maana hasira yangu nyingi iko kwake.

Mvua iliyofuata, mrenda uliota nyuma ya banda lake la mbuzi. Mbuzi walikuwa wamekula mbegu na majani, na zilizopita tumboni zikaota kwenye samadi, nene, kijani. Nilipita nikauona nikajua ni wa mama yangu, kwa ule wekundu wa shina. Nilingoja mpaka ulipokauka. Ndipo nikaenda na kikombe.

"Naomba mbegu," nikamwambia.

"Ya nini tena?"

"Ya mrenda wangu."

"Wako?" Akaangalia banda, akaniangalia. "Dada, umeota kwangu. Nani alipanda?"

Alinitilia kidogo, hata nusu ya kikombe haikufika. "Usiende kusema sikukusaidia."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante. Presha haijaniuma kama hiyo asante.

Nilikuwa nimeshika njia akaniita. "Na hizi zangu, unazipandaje? Zinataka nini?"

Mbegu ya mrenda ina ganda gumu. Mama alikuwa anaifunga kwenye kitambaa, anaichovya kwenye maji yanayochemka, anahesabu mpaka kumi, anaitoa na kuianika kabla ya kupanda. Usipofanya hivyo utangoja mvua mbili na uone mche hapa na pale. Tumbo la mbuzi lilimfanyia hiyo kazi bila yeye kujua.

"Mwaga tu," nikamwambia. "Itaota yenyewe."

Yangu imejaa mistari minne sasa, nyuma ya jikoni, ndani ya ua wangu mwenyewe, na mimea kumi na miwili imefungwa kitambaa. Yake haijaota. Juzi alisimama kwenye uzio akasema labda nilimletea mkosi. Nilimwambia amwage tena.