Shina la Mgomba Tulilolililia Jukwaani

Nimeandika maigizo miaka mingi, ya kuchekesha, ya kuchezwa kwenye kumbi za mtaa hapa Kitale na kule Bungoma, na shule niliachia darasa la nane. Kwa hivyo hili naliandika polepole. Sitaki kuongeza chumvi, na sitaki kumwonea mtu.

Igizo lenyewe lilikuwa la vichekesho. Kwetu mtu akipotea na familia ikachoka kungoja, huzika shina la mgomba mahali pake, na matanga kamili, na baada ya hapo hakuna anayemngoja tena. Mimi niliandika ndugu wanaozika shina haraka haraka ili wagawane shamba, halafu mwenyewe anaingia kwa mlango ulio nyuma ya watazamaji akiuliza chai iko wapi.

Mama wa huyo aliyepotea alichezwa na mama mmoja muuza chapati, mwigizaji wetu bora. Kikundi kizima kilijua kijana wake aliondoka kutafuta kazi na simu yake haijaingia tena. Nilimuuliza kama sehemu hiyo haitamuumiza.

"Mwandishi, wewe nipe maneno," akasema. "Kulia najua."

Mpaka leo sijui kama kumuuliza mara moja kulitosha.

Onyesho la kwanza, Kitale, alipofika pa kuomboleza hakuita jina nililoandika. Aliita la mwanawe. Baadaye vijana wa kikundi wakalitupa shina tulilotumia nyuma ya ukumbi, kwenye majivu.

Tuliporudi kwa mazoezi ya Jumamosi lilikuwa limechipua. Jani moja, limejikunja, limesimama kama kidole. Sitadanganya: lilikatwa pamoja na kitako chake, pale penye mizizi, na mkulima yeyote wa Kiminini atakuambia kitako hakifi haraka. Lakini mama aliinama akaligusa.

"Nani aliwaambia mtupe mtu ameshaliliwa?"

"Mathe, si ni mgomba tu," akasema kijana anayecheza mwana. "Usituletee hizo story bana."

"Nyamaza. Wewe unarudi kila Jumamosi. Wangu je?" Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye uliandika anarudi. Anarudi lini?"

Nilitaka tuliache igizo. Yeye ndiye alikataa. Akalifunga shina lile lile kwa gunia, tukaenda nalo Bungoma.

Bungoma palijaa. Ndugu wakalilaza shina kwenye jeneza letu la mbao za kreti, mama akaomboleza, safari hii kwa sauti ndogo, kama anayebembeleza mtoto. Mlango ukafunguka, kijana wetu akaingia, akaja hadi jukwaani.

"Mathe, niko! Chai iko wapi?"

Kicheko. Mama hakumkumbatia kama nilivyoandika. Alitazama juu ya bega la kijana, kuelekea mlangoni.

"Wewe pisha," akasema. "Pisha aliye nyuma yako apite."

Watu wakazidi kucheka, wakidhani ni mchezo. Kijana akageuka kuangalia, kisha nikamwona anasogea kando. Halafu watu wa mabenchi ya nyuma wakaanza kukunja miguu, mmoja baada ya mwingine, kama kuna mtu anapita katikati yao akija mbele. Kicheko kikafa kikifuata njia hiyo hiyo, benchi kwa benchi. Mimi nilikuwa kando ya pazia, na kutoka pale mlango hauonekani, kwa hivyo siwezi kuapa. Watu huigana, hilo pia ni kweli. Kijana aliniambia alisikia baridi shingoni. Lakini mlango ulikuwa wazi na mvua ilikuwa imenyesha.

Mama alimimina chai kikombe kimoja, akakiweka mezani, akangoja. Sijawahi kuona ukumbi ukingoja vile. Kisha akalitoa shina jenezani, akalibeba begani, akatoka nalo kwa mlango ule ule. Watu wakapiga makofi.

Alilipanda kwao, upande wa Misikhu, karibu na mlango wa nyumba. Jamaa zake walikuwa wameanza kusema ni wakati wa matanga, akawaonyesha jani. "Huyu nimempanda," akawaambia. "Msinizikie mtu." Sasa ni mgomba mzima. Simu haijaingia.

Lile igizo hatujalicheza tena. Mwisho wake nimejaribu kuuandika upya, nikapasua karatasi. Juzi nilipopitia chapati kwake, mama aliniuliza kama nimemaliza.

"Bado, mama."

Akanifungia chapati kwa gazeti. "Basi usimalize," akasema.