Gari Lisilomsubiri Mama

Juzi pale Kasulu nilimwona mwanamke akisukuma gari, mumewe ametulia kwenye usukani. Damu ikanichemka.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni, tulipokuwa tunatoka kanisani. Mama, na mimba yake kubwa, alilisukuma gari kuukuu la baba mpaka likawaka, moshi wenye harufu ya petroli ukamfunika.

"Baba Neema, nisubiri!"

"Nikisimama litazima!" baba alijibu, tukashuka mteremko.

Nilimpungia mama mkono kwenye kioo cha nyuma, nikicheka, nikidhani ni mchezo. Alirudi nyumbani Heru Juu kwa miguu.

Sasa naendesha mwenyewe. Gari likizima mteremkoni, unaliachia lishuke, unaingiza gia, linawaka. Baba alilijua hilo. Nyumbani aliliegesha mteremkoni kila jioni, ili asubuhi yeye asisukume.